Kijiti kirefu na kijiti kifupi: je, nimhamishie mwanangu shule ya charta?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Uvira, niliyekulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako ndiko nilikosoma, nikaolewa na kuwazaa watoto wangu wawili wa kwanza. Miaka mitatu iliyopita tuliletwa Marekani, na sasa tunaishi Columbus, katika jimbo la Ohio. Kule kambini hatukuwa na habari ya kuchagua shule. Mtoto alikwenda kwenye shule iliyokuwa karibu na kijiji chake, na kama darasa lilikuwa na watoto mia moja, alikaa na hao mia moja. Huku nimekuta kila mtu ananiuliza nimechagua shule gani, nami najiona kama mtu aliyeingizwa sokoni bila kujua bei ya kitu hata kimoja.

Binti yangu mkubwa, Neema, ana miaka 12 na ataanza darasa la saba mwezi wa nane. Anazungumza Kiingereza mpaka watu wanadhani amezaliwa hapa, lakini karatasi za mitihani zinazokuja nyumbani zinaonyesha kwamba katika kusoma na kuandika bado yuko chini, ingawa hesabu anajitahidi. Mdogo wake, Baraka, ana miaka 9. Kitinda mimba ana miaka 3. Wote wawili wakubwa wanasoma shule ya wilaya iliyo karibu nasi. Siwezi kusema ni shule mbaya, ila siku niliyoitwa kuzungumza kuhusu maendeleo ya Neema, hapakuwa na mkalimani, ikabidi Neema mwenyewe anitafsirie maneno ya mwalimu wake, na mpaka leo sijui alinitafsiria yote au aliyoyapenda.

Mwezi uliopita, baada ya ibada, walikuja watu wawili kanisani kwetu kutoka shule moja ya charta, yaani shule ya umma isiyo chini ya wilaya. Waligawa karatasi nzuri iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye mchoro wa vijiti viwili: kirefu cha kijani, ambacho ni watoto wao waliofaulu mtihani wa jimbo, na kifupi cha kijivu, ambacho ni watoto wa shule za wilaya. Walisema hakuna ada, sare ni bure na basi litamfuata mtoto. Mama jirani yangu amekwisha kuwaandikisha wanawe. Shemeji yangu naye anasema hizo ni biashara za watu na nisithubutu.

Mume wangu ana wazo la tatu, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Yeye hufanya kazi ya usiku kwenye ghala, mimi nasafisha vyumba hotelini mchana, na malipo ya kulelewa mtoto mdogo yanatushinda. Amesikia kwamba kuna shule ya charta ya mtandaoni inayompa mtoto kompyuta bure, na anataka Neema asomee nyumbani huku akimwangalia mdogo wake wakati baba amelala. Anasema ni shule ya serikali ileile na mtihani uleule, kwa hiyo hakuna kitakachopungua.

Mwalimu, naomba unieleze: kati ya shule hizi, ni zipi zinazofundisha vizuri zaidi? Na vile vijiti viwili ni vya kweli?

Mama Neema, Columbus

—

Marahaba, Mama Neema, na pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na vijiti, kwa sababu ndivyo vilivyokuvuta. Yawezekana kabisa kwamba ni vya kweli kwa maana ya hesabu, yaani kwamba asilimia iliyoandikwa pale ndiyo iliyotangazwa na jimbo, na bado visikwambie chochote kuhusu ufundishaji. Mtihani unaofanywa mwishoni mwa mwaka hupima yote aliyonayo mtoto kichwani siku hiyo: aliyofundishwa na shule hii, aliyofundishwa na shule aliyotoka, vitabu vilivyomo nyumbani, Kiingereza cha wazazi wake, na hata kama alilala vizuri na kula. Shule inayopokea watoto waliokuwa wakijua kusoma tangu wakiwa na miaka minne itakuwa na kijiti kirefu hata kama walimu wake wanasinzia. Wewe umekulia Kigoma, unajua kwamba anayeanzia safari Kasulu na anayeanzia Dar es Salaam hawawezi kulinganishwa kwa kuangalia nani amefika Mwanza kwanza.

Kosa hilo halifanywi na wapiga debe wa shule za charta peke yao. Mwaka 2004 chama kimoja kikubwa cha walimu cha Marekani, AFT, kilitangaza matokeo ya mtihani wa taifa wa mwaka 2003 yaliyoonyesha wanafunzi wa darasa la nne katika shule za charta wakiwa nyuma ya wenzao wa shule za kawaida za umma, na magazeti yakalivalia njuga jambo hilo. Watafiti wengi walilalamika, na kwa haki, kwamba ulinganisho ule haukujali watoto wale walitoka wapi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kiongozi wa zamani wa chama hichohicho, Albert Shanker, ndiye aliyelinadi wazo la shule za charta mwaka 1988, akidhani zitakuwa mahali ambapo walimu wenyewe wangejaribu mbinu mpya. Minnesota ilipitisha sheria ya kwanza mwaka 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Shule ya charta, basi, ni shule ya umma inayoendeshwa kwa mkataba: hulipwa kwa kodi, hairuhusiwi kutoza ada, lakini haiko chini ya bodi ya wilaya. Kwenu Ohio sheria inaziita “shule za jumuiya”, nawe usishangae ukiliona jina hilo kwenye fomu. Kwa hiyo mumeo hakukosea kusema ni shule ya serikali. Alipokosea nitapafikia.

Watafiti walipotambua udhaifu wa vijiti, walitafuta njia mbili za kulinganisha kwa haki. Ya kwanza ni ya kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford. Humchukua mwanafunzi wa shule ya charta na kumtafutia “mapacha” katika shule za wilaya ambazo watoto wa charta hutoka: wa darasa lilelile, jinsia ileile, rangi ileile, hali ileile ya umaskini, wanaojifunza Kiingereza kama yeye, na zaidi ya yote waliokuwa na alama sawa na zake mwanzoni. Kisha huangalia nani amesogea zaidi mwaka unaofuata. Matokeo yao yamebadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 2009 waliona kwamba ni asilimia 17 tu ya shule za charta zilizowazidi wenzao katika hesabu, asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Taarifa ya mwaka 2023 ilionyesha wanafunzi wa charta wakiwa mbele kwa wastani, kwa kiasi ambacho CREDO wanakifananisha na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu, kwa mwaka wa shule wenye siku 180.

Siku 16 zinasikika kama nyingi, na ndiyo maana matangazo yanazipenda. Lakini hizo siku ni tafsiri ya tofauti ndogo ya alama. Ukiwapanga watoto mia moja kwenye mstari kwa alama zao za kusoma, yule aliye katikati angesogea mbele kwa takriban nafasi moja. Siidharau nafasi moja. Ukiizidisha kwa mamilioni ya watoto ni jambo la maana kwa serikali. Kwa mama anayeamua kuhusu Baraka, haitoshi kumhamisha mtoto na kumtenga na marafiki zake. Isitoshe, wastani huo ni wa nchi nzima. Ohio ilipochunguzwa na watafiti haohao katika taarifa ya mwaka 2014, wanafunzi wa charta walikuwa nyuma ya mapacha wao wa wilaya, na zaidi katika hesabu.

Njia ya pili naipenda zaidi, kwa sababu inafanana na kura. Shule ya charta inapopata waombaji wengi kuliko nafasi, sheria inaitaka ipige bahati nasibu. Watoto walioshinda na walioshindwa wote walikuwa na wazazi wenye hamu ileile. Kilichowatenganisha ni bahati tu. Ukiwafuatilia wote wawili, unaona kazi ya shule yenyewe. Uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa kwa ajili ya serikali kuu na kutolewa mwaka 2010, kwa shule 36 za charta za ngazi ya kati katika majimbo 15, ulikuta kwamba kwa wastani walioshinda bahati nasibu hawakuwa bora wala wabaya kuliko walioshindwa. Chini ya wastani huo, hata hivyo, shule zilizohudumia watoto wengi wa familia maskini ziliwasogeza mbele katika hesabu, huku zile za watoto wa familia zenye uwezo wa kifedha zikiwarudisha nyuma. Na Boston, ambako shule nyingi za charta zina siku ndefu ya masomo na nidhamu kali, washindi wa bahati nasibu waliwapita wenzao kwa tofauti kubwa ambayo ni nadra kuiona katika utafiti wa elimu. Mtafiti Elizabeth Setren alipowaangalia watoto wa Boston wanaojifunza Kiingereza, kama wako, alikuta kwamba nao walinufaika.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, Mama Neema, kwa sababu hapa ndipo barua yako inaponipa wasiwasi. Matokeo hayo mazuri ya bahati nasibu yanahusu shule zilizojaa, ambazo watoto wamepanga foleni nje ya mlango wake. Shule isiyo na foleni haiwezi kuchunguzwa kwa njia hiyo, kwani haina watoto walioshindwa kura. Shule inayotuma watu wawili kanisani na sare za bure mkononi huenda ina viti vitupu. Pengine ni mpya na bado haijajulikana, na pengine waliokuwa wamevikalia wameondoka. Sifa za Boston zisitumike kuuza shule ambayo hujui hata kama watoto wake wanabaki hadi mwisho wa mwaka wa shule. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wale wageni, kabla ya kuuliza habari ya basi, ni hili: kati ya watoto walioanza darasa la saba mwaka jana, wangapi walimaliza mwaka hapohapo, na wangapi wamerudi darasa la nane? Shule inayopoteza wanafunzi wake dhaifu katikati ya mwaka kijiti chake kitarefuka chenyewe.

Swali la pili usiwaulize wao. Kila mwezi wa tisa Idara ya Elimu na Nguvu Kazi ya Ohio hutoa ripoti ya kila shule ya umma, ya wilaya na ya charta, ikiipa nyota kuanzia moja hadi tano katika mambo kadhaa. Wengi husoma sehemu ya ufaulu, ambayo ndiyo ndugu wa vile vijiti. Wewe nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya maendeleo, inayopima mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa, na sehemu ya kuziba pengo, ambamo watoto wanaojifunza Kiingereza huhesabiwa. Ukiikuta shule ya nyota mbili za ufaulu na nyota nne za maendeleo, hiyo inafanya kazi kwa watoto kama Neema, iwe imebandikwa jina gani. Ukiikuta kinyume chake, inawapokea watoto wazuri na kuwaacha walivyo. Linganisha shule mbili unazozijua kwa jina, ile ya charta na hii mliyo nayo. Mapambano ya aina mbili za shule mwachie shemeji yako. Yana siasa nyingi na hayana Neema ndani yake.

Utaniuliza basi kinachozifanya shule nzuri ziwe nzuri ni nini. Will Dobbie na Roland Fryer walizichunguza shule za charta za New York na kukuta kwamba ukubwa wa darasa na fedha zinazotumika kwa kila mtoto, vitu ambavyo sisi wazazi huvitazama kwanza, havikuwa vikienda pamoja na matokeo. Vilivyokwenda pamoja nayo ni walimu kukaguliwa na kushauriwa mara kwa mara, matokeo ya majaribio kutumiwa kubadilisha somo, watoto kufundishwa katika vikundi vidogo sana, muda mrefu zaidi wa masomo na kutarajiwa makubwa. Fryer alipozipeleka mbinu hizohizo katika shule za kawaida za wilaya mjini Houston, hesabu zilipanda, ingawa kusoma hakukubadilika sana. Mimi nilifundisha miaka mingi na sikushangaa: kusoma kunabebwa na lugha ya nyumbani na ya mtaani, na hakuharakishwi kwa urahisi. Siku utakapozitembelea shule, uliza Neema atapata dakika ngapi kwa wiki katika kikundi cha watoto watatu au wanne wa kusoma, na anayewafundisha amesomea kufundisha wanaojifunza Kiingereza au ni mtu wa kujitolea.

Nije kwa mume wako. Sitamkemea, maana anahesabu fedha za nyumba na hesabu yake haina uvivu ndani yake. Lakini kwamba hakuna kitakachopungua, hapo amepotoka, na hapa utafiti hauna kigugumizi hata kidogo. Shule za charta za mtandaoni ndizo zinazofanya vibaya kuliko zote. CREDO walipozichunguza peke yake mwaka 2015 walikuta wanafunzi wake wakibaki nyuma ya mapacha wao kwa kiasi cha siku 72 katika kusoma, na katika hesabu siku 180, yaani mwaka mzima wa shule. Taarifa ya mwaka 2023 bado iliziona nyuma kwa siku 58 katika kusoma na 124 katika hesabu. Mwambie kwamba Ohio ilikuwa na shule moja kubwa ya namna hiyo, iliyoitwa ECOT, ambayo ilifungwa mwezi wa kwanza mwaka 2018, katikati ya mwaka wa masomo, baada ya jimbo kuona kwamba ililipwa kwa wanafunzi ambao haikuweza kuthibitisha masomo yao. Watoto wapatao 12,000 waliamka wakitafuta shule nyingine.

Na hata shule ya mtandaoni iliyo bora humhitaji mtu mzima pembeni wa kuhakikisha mtoto anasoma. Neema hatakuwa na mtu huyo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mtu mzima. Binti wa miaka 12 anayemlisha mdogo wake, anayemfuta pua na kumzuia asifungue jiko hawezi wakati huohuo kusoma aya ndefu ya Kiingereza, nacho ndicho kitu pekee anachokihitaji kuliko vyote. Kiingereza cha kuzungumza ameshakipata uwanjani kwa wenzake. Cha vitabu hukipata darasani, kwa kusahihishwa na mwalimu anayemwona uso.

Ushauri wangu, kama ungekuwa umekaa sebuleni kwangu, ungekuwa huu. Neema abaki alipo mwaka huu, isipokuwa ripoti ya maendeleo ya shule ile ya charta iwe bora waziwazi kuliko ya shule yenu na jibu lao kuhusu wanaoondoka liwe la kueleweka. Baraka bado ana muda, nawe unaweza kumwandikisha kwenye bahati nasibu ya shule ya charta iliyojaa kweli, kwani kushinda kura hakukulazimishi kuhama. Kuhusu basi, sheria ya Ohio inaitaka wilaya iwasafirishe watoto wa hadi darasa la nane wanaokaa zaidi ya maili mbili kutoka shuleni, wakiwemo wa charta, ila wilaya inaweza kutangaza kwamba kumsafirisha mtoto fulani haiwezekani na kuwalipa wazazi fedha badala yake. Kama huna gari mchana, hilo ni jambo kubwa. Usikubali neno la mdomo.

Lile la mkalimani lilinikera kuliko yote. Shule yoyote ya umma inayopokea fedha za serikali kuu, ya wilaya au ya charta, ina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mtoto hapaswi kutumiwa kutafsiri. Ukiitwa tena, sema kabla ya siku yenyewe, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Uombe wakueleze alama za Neema katika mtihani wa jimbo wa wanaojifunza Kiingereza, ambao hupima kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza kila kimoja peke yake. Hapo utajua kama pengo lake liko kwenye kusoma, kuandika au vyote viwili, na hutategemea tafsiri ya mwenye alama.

Kilichobaki ni mtoto wa miaka mitatu, ambaye kwa kweli ndiye chanzo cha barua hii. Mpango wa Head Start huwapokea bila malipo watoto wa miaka mitatu hadi mitano wa familia zenye kipato kidogo, na Ohio ina msaada wa kulipia malezi kwa wazazi wanaofanya kazi, unaoombwa katika ofisi ya kaunti ya kazi na huduma za familia. Nenda na mumeo siku yake ya mapumziko, mkiwa na hati za mishahara ya wote wawili, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua yenye anwani yenu. Nendeni kabla ya mwezi wa nane, kwa maana nafasi hujaa.